Mabaraza Mawili

Cherehani yangu ni Singer ya miguu niliyorithi kwa marehemu baba, na kwa miaka yote ya udiwani haikuondoka barazani. Watu walileta suruali za kupunguza kiuno na mashuka ya kukunja pindo, na wakisubiri walizungumza: nani kahama usiku bila kulipa kodi ya chumba, bomba gani limekauka, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Fundi husikia mengi kwa kuwa mdomoni ana pini, hawezi kumkatiza mtu. Jioni moja mwaka 1994 walikuja wazee wanne wa mtaa, wakakaa kwenye benchi bila nguo mkononi. Nikajua leo kuna jambo.

"Mwanangu," akaanza mkubwa wao, salamu zilipokwisha, "shida za hapa unazijua kuliko sisi wenyewe. Chukua fomu."

Nikachukua. Sheria haikudai cheti, ilidai mtu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na mwandiko wangu wa kulala ulikuwa unasifiwa hata na makarani. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa madiwani tangu vyama vingi virudishwe mwaka 1992. Wengi walikwenda kituoni kuona tu kama kweli karatasi ya kura itakuwa na nembo ya zaidi ya chama kimoja.

Kipindi hicho hakikufika mwisho. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Habari ilinikuta nakata kola. Nilinuna siku mbili tatu, lakini watu wangu walishangilia, na nilipoona kazi ya kuzoa taka imegawiwa kampuni binafsi na malori yanapita, sikuwa na la kuwabishia. Miaka minne nikashona nguo tu. Nilipanga foleni zilezile na wenzangu, nikapigwa kalenda na maofisa walewale, na hakuna semina ya madiwani niliyohudhuria baadaye iliyonifunza zaidi ya hapo. Mwaka 2000 Tume ikamaliza kazi, jiji likawa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Nikagombea tena. Nikakaa hadi 2020. Manispaa yangu na kata yangu sizitaji: wanaoishi huko watanijua kwa cherehani, na wasioishi haitawaongezea kitu.

Basi nilikuwa na mabaraza mawili. Moja ni la saruji, lenye benchi na cherehani. La pili ni la Madiwani, lenye viyoyozi, linalokaa kila robo mwaka, ambako Mstahiki Meya huingia na mkufu shingoni na sisi tukasimama na majoho yetu. Joho langu la kwanza lilikuwa limeshonwa ovyo bega la kushoto. Nililichukua nyumbani nikalifumua, nikalishona upya, na wiki iliyofuata nikajikuta nina majoho mengine manne ya kurekebisha, ya waheshimiwa wenzangu, bure.

Mgeni wa baraza la pili hudhani kazi hufanyika pale. Haifanyiki. Siku ya kikao unaletewa kabrasha ambalo ulipaswa kulipata siku kadhaa nyuma, kurasa mia na kitu, na lililoandikwa mle limeshapikwa kwenye menejimenti na kamati za kudumu. Ukitaka jambo lako liwe na uzima, ulitafute lingali bichi: kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kwenye Kamati ya Fedha, na kabla ya hapo, kwenye meza ya ofisa mdogo ambaye hakuna mtu anayemwita mheshimiwa. Diwani haajiri, hafukuzi, hasaini hundi. Mkurugenzi ndiye mtendaji, na ndiye katibu wa baraza lenyewe. Mbunge wako naye ni mjumbe mle ndani, na akisimama yeye kamera zinageuka. Diwani ana mdomo na ana miguu. Mdomo ndio wanaoutumia wengi.

Ilinichukua karibu kipindi kizima kujifunza lugha ya kule. "Limepokelewa" maana yake barua imegongwa muhuri na imelala. "Tutalifanyia kazi" maana yake aliyejibu hatakuwepo kikao kijacho. "Mchakato unaendelea" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huwezi kuibishia. Nani atathibitisha kuwa mchakato umesimama? Neno moja tu lilikuwa na nyama, nalo ni kasma. Jambo lenye kasma, yaani fungu lenye namba yake kwenye bajeti, lina mahali pa kulala na kuamka. Lisilo na kasma ni hotuba.

Nieleze kivuko, maana hicho ndicho kilichonifundisha.

Katikati ya kata yetu panapita kijito kinachomwaga maji kwenye Mto Msimbazi, ule unaotoka vilima vya Pugu ukapita katikati ya jiji hadi baharini pale Selander. Upande mmoja kuna nyumba, upande wa pili shule ya msingi. Watoto walivuka juu ya nguzo ya umeme iliyokwisha kazi, mtu aliilaza pale zamani. Wadogo walishikana begi kwa begi, wa mbele akiwa mkubwa. Masika ya 2002 mmoja aliteleza, akavunjika mfupa wa bega. Baba yake alikuja barazani akiwa amemshika mkono mzima, akamsimamisha mbele ya cherehani, hakusema neno, akaondoka naye. Afadhali angetukana.

Wakati huo ndipo ilipokuwa imeingia ile namna ya kupanga mipango inayoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: mkutano wa mtaa unaibua mradi, mradi unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, kisha unakwenda manispaa, mkoa, hadi TAMISEMI. Kivuko tukakiibua. Kikapanda. Kikarudi hakimo. Mwaka uliofuata tukakiibua tena. Kila mwaka nilipouliza niliambiwa ukomo wa bajeti. Nikawaka barazani, nikapigiwa meza na wenzangu, gazeti moja likaandika mistari mitatu, na kivuko hakikuingia.

Mwaka wa tano ndipo karani mmoja, mama wa makamo niliyekuwa namshonea vitenge vya kwaya, aliponiambia kwenye ngazi: "Mheshimiwa, hicho kivuko chako hakina makadirio. Kila mwaka kinaandikwa jina tu. Kitu kisicho na bei hakiwezi kuwekewa pesa."

Miaka mitano! Hakuna aliyekuwa amenificha. Sikuuliza tu swali lenyewe. Nikaenda kwa mhandisi. Kijana mzuri, mpole, ana orodha ya kata zote na gari moja lisilo na mafuta. Nikamwambia twende kwa daladala, nauli juu yangu. Tulishuka kituoni, tukateremka kwa miguu, yeye na viatu vyake vya ofisini. Kufika kijitoni akagundua utepe wa kupimia ameusahau kwenye gari. Nikatoa wangu mfukoni, wa ushonaji, ule wa inchi 60. Alicheka hadi akakaa. Kisha tukavuta kamba ya katani kutoka ukingo hadi ukingo, tukaipima kamba hatua kwa hatua kwa utepe wa fundi nguo: mita 11 na ushee. Akaandika. Akachora pale pale juu ya goti, na wanafunzi wamemzunguka wakimpumulia shingoni.

Makadirio yakaingia faili, faili likaingia bajeti, kasma ikapatikana, na mwaka 2009 kivuko kilisimama, zege na reli za bomba, rangi ya bluu. Siku ya kukizindua alikuja mkubwa mmoja akakata utepe, mhandisi hakualikwa. Nilimtumia vocha ya simu na ujumbe. Yule mtoto wa mfupa wa bega alikuwa kishamaliza darasa la saba.

Kuhusu fedha nitapita haraka, kila diwani ana wimbo wake huo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, wananchi wakapumua, hakuna tena mgambo wa kumvizia mtu asubuhi akienda kibaruani. Nami nilipumua, ingawa manispaa zilipoteza chanzo chao cha kushika mkononi. Mwaka 2006 ukaja msukumo wa sekondari za kata, tukachangisha nyumba hadi nyumba, mifuko ya saruji na nguvu kazi, na nilipata maadui ambao mpaka leo wananisalimia kwa kidevu. Miaka kumi baadaye elimu ikawa bila malipo, michango ya lazima ikakatazwa, na waliotoa wakaniuliza zao zitarudi lini. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA. Ikaja sheria ya 2018 ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria nzuri, lakini siku hiyohiyo kata yangu ilizaa vikundi ambavyo wanachama wake hawakujuana majina. Posho yetu ya mwezi? Serikali Kuu ilianza kuwalipa madiwani wa halmashauri nyingi moja kwa moja mwaka 2021, shilingi 350,000, nikiwa nimeshatoka. Mke wangu alisema ni kwa makusudi.

Yeye ndiye aliyelibeba baraza la kwanza, lile la nyumbani. Saa 12 asubuhi mlango unagongwa. Hodi, shikamoo mheshimiwa, tumekuja. Msiba, na jeneza halijapatikana. Mgonjwa amezuiwa wodini kwa deni. Mume kamfungia mke nje. Mpangaji na mwenye nyumba, mbuzi na mchicha wa jirani. Kijana anataka barua ya kujitambulisha; ukimwambia hiyo ni ya serikali ya mtaa anakuona umebadilika. Kila kitu niliandika kwenye daftari la kaunta, jalada gumu jeusi: tarehe, jina, shida, nilichoahidi. Mkono wa kulia wa ukurasa niliacha wazi kwa kile kilichofanyika kweli, na kurasa nyingi upande huo ni nyeupe. Mama watoto alisema nyumba yetu imekuwa zahanati isiyo na dawa. Lakini alipika chai.

Madiwani wa viti maalumu, ambao kwa sheria hawapungui theluthi ya waliochaguliwa, walikuwa na daftari nene kuliko langu na kata zaidi ya moja ya kuhangaikia, na bado kuna wanaume waliowaita wa kupewa. Mmoja wao ndiye aliyefanya wodi ya wazazi ya zahanati yetu ipate tangi la maji. Mimi nilipigiwa makofi ya tangi lile, na sikuyakataa.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa bomba.

Mwaka 2003 ulikuja mradi wa maji wa wafadhili. Kata yetu ilipewa vioski viwili, na diwani aandike barua kuonyesha vijengwe wapi. Cha kwanza hakikuwa na ubishi, kilikwenda sokoni. Siku hizo bondeni, karibu na mto, kulikuwa na nyumba chache, nilizihesabu 14. Wanawake wao walipanda mlima na ndoo kichwani alfajiri, wakashuka, wakapanda tena. Walikuja sita barazani kwangu. Mmoja alikuwa mjamzito wa kukaribia, akaegemea meza ya cherehani akihema, na nikaona mkono wake unatetemeka juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata. Hawakulalamika. Walisema tu, "Baba, na sisi ni watu wako."

Nilikwenda mipango miji na barua yangu. Ofisa akaniangalia, akashusha sauti: "Mheshimiwa, kule kwenye ramani ni kijani. Hapajengwi." Nikamjibu kuwa nimeomba maji, sijaomba hati za viwanja. Jibu lilinipendeza, nilirudia kulisimulia jioni ile. Barua ikapita.

Ndoo ilikuwa shilingi 20. Siku ya kufungua maji wale mama walipiga vigelegele ambavyo bado navisikia, na mimi nikateka ndoo ya kwanza, nikapigwa picha. Kisha ikaanza kitu nilichokuwa nakiona kila nikiteremka na sikukitamka. Matofali. Chumba kimoja hapa, viwili pale, ukuta, choo. Madalali wa viwanja walipata neno la kuwaambia wanunuzi: diwani mwenyewe kaleta maji, mnaogopa nini? Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikuwa inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto, nami nililiinulia mkono azimio la kuitekeleza, nikiwa na joho. Lakini kumwambia mtu usoni, barazani kwangu, kwamba uza urudi ulikotoka, hapo nilikuwa na pini mdomoni. Walikuwa wapiga kura wangu pia, nisijifanye. Kituo kimoja cha kura cha bondeni kilinipa ushindi wa 2005 na wa 2010.

Usiku wa kuamkia Desemba 20, 2011 mvua ilianza na haikuwa mvua ya kawaida. Alfajiri niliteremka na mwenyekiti wa mtaa hadi pale njia inapopinda, hatukuweza kwenda mbele. Kioski kilikuwa kimezama, linaonekana paa tu na ndoo moja ya njano inazunguka juu yake, inazunguka, haiondoki. Watu walikuwa juu ya mabati. Jiji zima walikufa zaidi ya 40. Kata yangu nayo ilizika. Mmoja wa tuliowazika nilimshonea sare ya darasa la kwanza mwezi Januari wa mwaka huohuo, na nilikuwa nimeacha pindo refu ili aweze kuivaa hadi la tatu.

Kivuko cha bluu kilivunjwa upande mmoja na gogo. Wala sikukiwaza wiki nzima.

Serikali ilitoa viwanja Mabwepande, tukaandikisha majina shuleni, foleni ya siku mbili. Hapo ndipo nilipojua maana ya orodha. Mwenye nyumba ana karatasi ya mauziano, mpangaji ana mtoto mgongoni na hana kitu kingine. Nilinyamaza tena, au tuseme nilisema maneno ya kule: suala lao limepokelewa. Waliokwenda Mabwepande baadhi walijenga wakatulia. Baadhi waliuza wakarudi, kwa sababu kibarua kiko mjini na nauli ya kwenda na kurudi inakula kibarua chote. Yule mama aliyeegemea meza yangu alirudi. Mwishoni mwa 2015 ilipoanza bomoabomoa ya bonde na kuta zikapigwa X nyekundu, alikuja kwangu na binti mkubwa kabisa, ndiye yule mimba ya 2003. Aliniuliza, "Baba, si ulituletea maji?"

Watu hudhani diwani mbaya ni yule anayekula. Yupo, nimekaa naye meza moja, na kumjua si kazi: nyumba yake inakua kuliko kata yake. Mimi sikula. Lakini nikizipima kazi zangu mbili kubwa, kivuko na bomba, nakuta zimeshonwa kwa uzi mmoja. Zote mbili nilimwona mtu amesimama mbele ya cherehani, nikashindwa kumwangalia bila kufanya kitu. Cha kivuko nilipata bahati ya mama karani na mhandisi. Cha bomba nilimpata ofisa aliyenionya kwa sauti ya chini, nami nikamjibu kwa maneno matamu. Laiti angenionya kwa maandishi.

Mwaka 2020 kijana mmoja alinishinda kwenye kura za maoni ndani ya chama. Kijana wa kompyuta, ana digrii, ana kikundi cha WhatsApp cha kila mtaa. Sikukata rufaa. Miezi kadhaa baadaye, mwaka ambao Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji, alikuja barazani jioni, akakaa kwenye benchi lile la wazee wanne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mheshimiwa."

Alikuwa anatafuta habari za mtaro wa nyuma ya soko. Amesikia uliwahi kufanyiwa makadirio, na manispaa faili halionekani. Nikaingia ndani nikatoa daftari, la tatu kati ya saba. Nikamwonyesha ukurasa: tarehe ya makadirio, urefu, jina la mhandisi aliyepima, namba ya faili na kabati lilipokuwa. Akapiga picha kwa simu, akashukuru sana, kwa dhati. Akaanza kupekua mwenyewe, taratibu, akicheka kidogo na kesi ya mbuzi na mchicha. Akafika ukurasa wa bomba. Ni ukurasa mfupi: tarehe, majina sita, "maji bondeni", na upande wa kulia, ule ambao mara nyingi ni mweupe, nimeandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, "Imetekelezwa."

Akaupita. Nilikuwa na pini mdomoni, na kazi ya mtu ya kumalizia. Sikumwambia arudi.